Ufito Mmoja wa Kuvulia Besi Ukingoni Penye Magugu

Besi, samaki mwindaji wa maji baridi, akishashika chambo katikati ya magugu, mvuvi aliye mashuani anaweza kusogea hadi juu yake na kumtoa kwa kumvuta wima, ilhali mvuvi aliyesimama ukingoni hana pa kwenda. Ni samaki ndiye anayepaswa kuja, na njia yake yote, kuanzia pale aliposhika chambo hadi miguuni pa mvuvi, imejaa mabua, mizizi na majani. Nimezoea kuvulia ukingoni, na kila ninapoulizwa ni ufito upi umfae mtu asiye na haja wala nafasi ya kumiliki fito nyingi, jibu langu huanzia hapo, kwenye kumtoa samaki, wala si kwenye kurusha chambo. Urushaji huboreka kwa mazoezi. Ufito usio na mgongo, yaani ugumu wa sehemu yake ya chini, wa kumwinua besi kutoka majanini hauna mazoezi ya kuuponya.

Nitasema mapema ninachokipendekeza ili msomaji mwenye haraka asinilaumu. Urefu uwe kati ya futi 7 na futi 7 na inchi 3, yaani takriban mita 2.13 hadi 2.21. Ukakamavu uwe wa kati kuelekea mzito, ule ambao watengenezaji wengi huuandika kwa herufi MH (kifupi cha Kiingereza medium heavy) juu kidogo ya mpini. Mpindo, yaani mahali ufito unapopindia, uwe wa haraka, na uzito wa chambo ulioandikwa kwenye ufito uanzie karibu gramu 7 na kuishia karibu gramu 28. Hata hivyo, namba hizi pekee hazitoshi, kwa sababu hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote: kila kampuni huamua yenyewe MH yake iwe ngumu kiasi gani, na fito mbili zenye maandishi yaleyale zaweza kutofautiana sana mkononi. Ndiyo maana inafaa kuelewa sababu ya kila kipimo.

Tuanze na ukakamavu, kwa kuwa ndio wenye uzito kuliko mengine yote. Besi mdomo-mpana, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini na ambaye sasa amepelekwa katika mabara mengi, ni mwindaji wa kuvizia. Hujibanza kwenye kivuli cha mayungiyungi, kwenye mianya ya magugu yaliyozama au pembezoni mwa matete, akisubiri samaki wadogo, vyura na kamba wa maji baridi wapite karibu. Anapohisi ndoano, jambo la kwanza analofanya ni kurudi kulekule alikotoka. Akifanikiwa kuzungusha mshipi kwenye bua moja tu la yungiyungi, mvuvi hapambani tena na samaki, bali na mmea uliojikita matopeni. Hata asipofanikiwa, mara nyingi huja na shungi la magugu kichwani, na shungi hilo likishalowa maji laweza kuwa na uzito unaozidi wa samaki mwenyewe. Kwa hiyo sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua kila kitu. Ufito unapaswa kumgeuza kichwa, kumpandisha karibu na uso wa maji, kisha kumfanya aendelee kuja bila kusita, kwa sababu samaki anayeteleza juu ya majani hana pa kujifunga.

Ufito wa ukakamavu wa kati, ambao wauzaji wengi huwapa wanunuzi wapya kwa hoja kwamba unafaa kwa kila kitu, hupinda hadi karibu na mpini katika hali hiyo, na nguvu yote ya mkono huishia ndani ya mpindo badala ya kumfikia samaki. Kwenye maji yaliyo wazi mpindo huo ni neema, lakini penye magugu humpa besi nafasi anayoihitaji. Kwa upande wa pili, ufito mzito kabisa unaotumiwa na wavuvi wa mashuani kudondosha chambo kwenye magugu mazito una nguvu ya kutosha na ziada, ila hauwezi kurusha chambo cha gramu 10 umbali wowote wa maana, na umbali ni kitu ambacho mtu wa ukingoni hana budi kuwa nacho. MH hukaa katikati. Ni maafikiano, nami huyaona kuwa maafikiano mazuri kuliko mengine yote yaliyopo, ingawa najua wapo watakaonipinga na kutetea ufito mzito.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mgongo mgumu, nayo ni namna ndoano inavyofichwa. Vyambo vinavyopita kwenye magugu bila kunasa havina ncha ya ndoano iliyo wazi. Mnyoo wa plastiki uliofungwa kwa mtindo wa Texas, wenye chubwi ya umbo la risasi mbele yake, huwa ncha ya ndoano imezamishwa ndani ya plastiki yenyewe, na chura wa mpira mwenye tumbo tupu hubeba ndoano mbili zilizolalia mgongo wake kiasi kwamba haziwezi kuchoma kitu mpaka samaki aubonyeze mwili wake kwa taya. Ili ndoano nene ya namna hiyo itoke mafichoni na kupenya kinywa kigumu cha besi, mara nyingi ikiwa umbali wa mita 20 au zaidi, huhitaji msukumo mkubwa unaosafiri kwenye mshipi bila kupotea njiani. Ufito mlegevu haufiki huko.

Hapo ndipo mpindo unapoingia, na wengi huuchanganya na ukakamavu. Ukakamavu ni kiasi cha nguvu kinachotakiwa kuupinda ufito, ilhali mpindo ni mahali unapopindia. Wenye mpindo wa haraka hupinda hasa kwenye theluthi ya juu, kisha sehemu inayofuata hukaza. Wenye mpindo wa wastani hupinda hadi katikati. Kwa ndoano moja nene, mpindo wa haraka ndio unaofaa, kwa sababu mvuvi akishainua mikono, ncha humaliza kupinda upesi na mgongo huanza kazi papo hapo. Wapo wanaopendelea mpindo wa haraka zaidi, unaoishia kwenye robo ya juu tu. Mimi siupendi kwa ufito wa kazi nyingi, kwa kuwa ncha fupi namna hiyo hurusha vibaya vyambo vyepesi na humnyima mvuvi ulaini unaohitajika kumtembeza chura juu ya majani. Chura huyo hutembezwa kwa mitikisiko midogo ya ncha juu ya mshipi uliolegea kidogo, na ncha ikiwa ngumu kama fimbo ya kuchungia, chambo huruka mbele badala ya kuyumba kushoto na kulia mahali palepale. Jaribio ninalolitumia ninapouchagua ufito ni kuutikisa kwa kiganja bila kutumia mkono mzima, kisha kutazama kama ncha inatulia haraka au inaendelea kutetema. Inayotulia haraka ndiyo itakayorusha kwa usahihi.

Udhaifu unaojulikana wa mpindo wa haraka ni kwamba humpoteza samaki aliyenaswa kwa ndoano ndogo zenye ncha tatu, zile za vyambo vigumu vinavyoogelea. Kwa mvuvi wa penye magugu udhaifu huo hauna uzito mkubwa, kwa sababu ndoano za ncha tatu hukusanya majani kila zinapopita na hazidumu mahali hapo. Siku akitaka kuzitumia pembezoni palipo wazi, atumie mshipi wa nailoni unaonyumbuka na kulegeza kidogo breki ya rili, kile chombo cha kuzungushia mshipi, na mnyumbuko wa mshipi utafanya kazi ambayo ufito haukuifanya.

Urefu huleta ubishi zaidi kuliko unavyostahili, ingawa ukingoni una mantiki yake. Ufito mrefu huzoa mshipi uliolegea kwa mkupuo mmoja wakati wa kukita ndoano, huongeza umbali wa kurusha, na huuinua mshipi juu ya ukanda wa magugu ulio kati ya mvuvi na maji. Faida hiyo ya mwisho haitajwi mara nyingi, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Mara nyingi ukingo huanza na mita moja au mbili za nyasi na matete kabla ya maji yenyewe kuonekana, na mshipi unaolala juu ya nyasi hizo hunasa, huharibu mwendo wa chambo, na humnyima mvuvi hisia ya kinachotokea upande wa pili. Hata hivyo, nyuma ya mvuvi huyohuyo kuna vichaka, na juu yake kuna matawi. Ufito wa futi 7 na nusu, yaani takriban mita 2.29, hugonga vyote hivyo. Ule wa futi 6 na nusu hupita kwa urahisi chini ya matawi lakini hauuinui mshipi vya kutosha. Futi 7, au inchi mbili tatu zaidi, humwezesha mtu wa kimo cha kawaida kurusha kwa pembeni, kurusha kwa kupembeza chambo kutoka chini, na bado kuuweka mshipi juu ya matete. Mtu mfupi, au anayevulia sehemu zilizofunikwa na miti tu, anaweza kushuka hadi futi 6 na inchi 10 bila hasara kubwa.

Urefu wa mpini nyuma ya rili nao si jambo dogo. Mpini mrefu sana hugonga mbavu kila mvuvi anapoelekeza ncha chini kumtembeza chura, na mfupi sana humnyima nafasi ya mkono wa pili wakati wa kurusha kwa nguvu. Kipimo ninachokiamini ni cha kuushika ufito kama wakati wa kuvua na kuulaza mpini chini ya mkono. Mwisho wake ufike kwenye kiwiko au uzidi kidogo tu.

Kuhusu uzito wa chambo ulioandikwa kwenye ufito, kosa linalotendeka mara kwa mara ni kuhesabu chubwi na kusahau vingine. Chubwi ya wakia 3/8, yaani karibu gramu 10.6, ikiwekwa ndoano nene na mnyoo mrefu wa plastiki, hufanya chambo kizito zaidi kuliko namba iliyo kwenye pakiti. Chambo cha visahani vinavyozunguka kinachouzwa kama cha wakia 3/8 kwa kawaida hutajwa kwa uzito wa kichwa chake tu, na visahani, waya na manyoya yake huongezwa juu ya hapo. Vyura wengi wa mpira huwa na gramu 14 hadi 18. Ukiviweka vyote pamoja utaona kwamba vyambo vinavyofaa penye magugu hukusanyika kati ya gramu 10 na 25, na ufito ulioandikwa gramu 7 hadi 28 huvishika vyote bila kulazimishwa kufanya kazi kwenye kingo za uwezo wake. Fito nyingi hurusha vizuri zaidi chambo kilicho katikati ya masafa yaliyoandikwa, si kile kilicho mwanzoni wala mwishoni.

Rili huamua aina ya ufito, kwa hiyo uamuzi huo hufanywa pamoja na ufito. Ufito wa rili ya kubiringika, ambayo bobini yake huzunguka mshipi unapotoka, una pete ndogo zinazokaa juu na kishikio cha kufyatulia chini ya kidole. Ufito wa rili ya bobini tuli una pete kubwa zinazoning’inia chini. Kwa kazi hii napendelea ule wa kubiringika, kwa kuwa bobini yake huvuta mshipi moja kwa moja bila kuupindisha pembe kali, hukaza breki vizuri zaidi chini ya mzigo mzito, na humruhusu mvuvi kukiwekea chambo kikomo kwa kidole gumba ili kitue kwenye mwanya wenye upana wa sinia. Lakini rili hii ina hasira zake. Bobini ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyosafiri, mshipi hujivuruga ndani, na anayeanza atatumia muda mwingi kufumua. Asiye na subira ya kujifunza hilo achukue rili ya bobini tuli ya ukubwa wa 3000 au 4000 pamoja na ufito wa MH wa aina yake, naye atatoa samaki penye magugu vizuri tu. Asichukue ufito mwepesi kwa sababu eti rili ya bobini tuli ni ya vyambo vidogo. Hiyo ni dhana inayowagharimu wengi samaki.

Mshipi wenyewe, kwa maoni yangu, uwe wa kusukwa, wa kustahimili mvuto wa ratili 40 hadi 50 kwa rili ya kubiringika, na ratili 30 kwa ile ya bobini tuli. Hauna mnyumbuko wa maana, hivyo nguvu ya ufito hufika kwenye ndoano, na ukivutwa kwa mkazo hukata mabua laini ambayo nailoni ingeyazunguka tu. Aidha, huelea, na hiyo ni sifa muhimu kwa chura na vyambo vingine vya juu ya maji, tofauti na mshipi wa fluorokaboni ambao huzama na kukivuta chambo chini. Samaki huweza kuuona, lakini ndani ya magugu, ambako kila kitu ni uzi na bua, sijaona kwamba unamsumbua. Kabla ya kuujaza kwenye rili, zungusha kwanza nailoni kidogo chini yake, la sivyo utateleza juu ya bobini na utadhani breki imeharibika. Fundo la Palomar huushika vizuri kuliko mafundo mengi yaliyozoeleka kwa nailoni.

Uamuzi wa kutumia mshipi wa kusukwa hurudi tena kwenye ufito, hasa kwenye pete. Pete zenye ndani ya kauri ngumu hustahimili msuguano wake. Pete za chuma laini huchimbika mfereji polepole, na mfereji huo hukata mshipi. Ukitaka kuzikagua dukani, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete, kwa kuwa ufa usioonekana kwa macho utaacha nyuzi za pamba zikining’inia. Jihadhari pia na pete ndogo mno ambazo zimekuwa zikisifiwa kwa kupunguza uzito wa ncha. Sifa hiyo ni ya kweli kwenye maji safi, lakini penye magugu mshipi huja na vipande vya majani na ute wa kijani, na pete hizo huziba. Ufito wa kazi hii uwe na pete za kawaida, zilizopangwa kwa ukaribu wa kutosha ili mshipi usiguse mwili wa ufito unapopinda. Hilo hukaguliwa kwa kupitisha mshipi kwenye pete zote, kumpa mtu aishike ncha yake, kisha kuinua mpini taratibu. Usiupinde ufito kwa kusukuma ncha kwa kiganja wala kwa kuikandamiza kwenye dari, maana ndivyo fito zinavyovunjika hata kabla ya kununuliwa.

Kaboni ya ugumu wa juu hufanya ufito uwe mwepesi na mwenye hisia kali, na pia huufanya usivumilie kugongwa. Mtu wa mashuani huweka ufito wake juu ya zulia. Mtu wa ukingoni huulaza juu ya mawe, huupitisha katikati ya miiba na huuegemeza kwenye miti. Kwa sababu hiyo sioni maana ya kulipia kaboni ya juu kabisa kwa kazi hii. Kaboni ya wastani, ile ambayo ugumu wake hutajwa kwa tani 24 au 30, au mchanganyiko wa kaboni na nyuzi za kioo, huongeza gramu chache na kupunguza wasiwasi mwingi. Kuhusu vipande, ufito wa kipande kimoja ndio ulio imara zaidi kwa nadharia, ila anayetembea kwa miguu au baiskeli hanufaiki na ufito asioweza kuubeba, na maungio ya siku hizi yanatosha kabisa kwa besi. Ukichagua wa vipande viwili, hakikisha pete zinalingana mstari mmoja na ungio halitetemi unapotikiswa, kisha ulikaze tena baada ya kurusha kwa muda, kwa kuwa hulegea.

Jambo moja la matumizi nalitaja kwa sababu linavunja fito nyingi za ukingoni kuliko magugu yenyewe. Samaki anapofika miguuni, mvuvi hushawishika kumnyanyua kwa ufito hadi nchi kavu, mikono ikiwa juu ya kichwa na ufito ukiwa umepinda nyuma ya mstari wa wima. Katika hali hiyo uzito wote hubebwa na ncha, sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, wala mgongo haushiriki. Ufito ushushwe, mvuvi ainame, ashike taya la chini la besi kwa kidole gumba na kumkinga tumbo kwa mkono wa pili. Ukingo ukiwa mrefu kiasi cha kutofikiwa kwa mkono, wavu wenye mpini mrefu ni bora kuliko ujasiri.

Ufito huu una mipaka, na mnunuzi anapaswa kuijua kabla ya kulipa. Hautarusha vizuri vyambo vya chini ya gramu 5, kwa hiyo siku ambazo maji ni mang’avu, samaki ni wazito wa kuuma na kinachowavutia ni mnyoo mdogo usio na chubwi, utahisi kama umeshika chombo kisicho chako. Pia hautaweza kutoboa mkeka mzito wa magugu yaliyofungamana, ambako hutumiwa chubwi za gramu 30 na zaidi. Kati ya mapungufu hayo mawili, la kwanza ndilo litakalomkuta mtu wa ukingoni mara nyingi zaidi, kwa kuwa mkeka wa namna hiyo kwa kawaida huwa mbali na mahali anapoweza kusimama. Kwa hiyo akipata uwezo wa kununua ufito wa pili, ushauri wangu ni achukue mwepesi wa bobini tuli, wa ukakamavu wa kati na mpindo wa haraka, wenye mshipi wa kusukwa wa ratili 10 hadi 15 na kipande cha fluorokaboni mbele yake, na autumie kwenye mianya iliyo wazi na kingo za nje za magugu tu.